KODI YA NYUMBA YA WOTE

Bismillahi Rahmani Rahim.

Ndugu Muislamu, nyumba ya serikali au ya wakfu ni ya nani? Ni yako na yangu, na ya yatima anayelala katika nyumba ya mbao juu ya mawe ya volkano. Basi ipangishwe kwa kiasi gani?

Mafaqihi wamesema: mali ya wakfu hupangishwa kwa ujratul-mithli, yaani kodi ya nyumba zinazofanana nayo. Ukimpunguzia rafiki au mkubwa, umempa haki ya yatima. Hiyo ni khiyana.

Lakini usiseme "soko ndilo limepanga". Nyiragongo ilipolipuka Januari 17, 2002, na tena Mei 22, 2021, maelfu ya watu walipoteza nyumba. Aliyekimbia lava hukubali bei yoyote na garanti yoyote. Mdomo umekubali, moyo haukuridhia. Na Sura An-Nisaa, aya 29, imeshurutisha kuridhiana. Kwa hiyo kipimo ni kodi ya siku za salama, si ya siku ya msiba.

Asiyeiweza asaidiwe kwa zaka na kwa uamuzi wa wazi, si kwa siri ya watu wawili.

Wewe unayepangisha, jiulize: ningekuwa mpangaji, ningeridhika?

Allah atujaalie uadilifu. Amin.