Je, Kustaajabu Kwatosha?

Tumeulizwa na baadhi ya ndugu zetu wa hapa mjini: je, yafaa watu wenye akili zao kukodi basi, wakatoa pesa na kuacha kazi zao siku mbili, kwenda kutazama mawe? Swali hili limezuka kwa sababu ya ile safari tuliyoifanya msimu huu wa kipupwe, kupitia Voi, kwenda kwenye mawe meusi ya Shetani, na chemchemi ya Mzima, na ziwa Chala. Mzee mmoja ametwambia kuwa huo ni upuuzi, na pesa zile zingaliifaa madrasa. Kijana mmoja naye asema hapana haja ya kuuliza: watu huenda kutazama kwa kuwa kipo cha kutazamwa, basi.

Sisi twaona kuwa wote wawili wamelijibu swali jepesi wakaliacha zito. Kwamba kusafiri na kuitazama ardhi ni jambo jema, hilo halina mjadala. Tumeamrishwa kutembea katika ardhi na kuzingatia. Lakini kuzingatia si kukodoa macho. Swali zito ni hili: mtu akishastaajabu, je, amemaliza kazi? Au kule kustaajabu kwamtia deni?

Natueleze kwanza kilichoko huko. Ukiingia Tsavo Magharibi ukaelekea vilima vya Chyulu, nchi hubadilika ghafla. Udongo mwekundu hukoma, na mbele yako hutandaa uwanja wa mawe meusi, makali kama vigae, kwa urefu wa kama kilomita nane, pasi na udongo wala kivuli, isipokuwa vijiti vichache vilivyojipenyeza katika nyufa. Mawe hayo yaliyeyuka kwa joto ndani ya ardhi, yakatoka kama uji, yakatambaa, yakapoa. Wako wataalamu wanaokadiria kuwa mripuko huo ulikuwa katikati ya karne ya 19, na kwa umri wa ardhi hiyo ni jana. Yasimuliwa kuwa watu wa karibu walipouona moto unatoka chini walisema ni Shetani ametoka, na jina likaganda pamoja na mawe.

Basini watu walicheka sana kwa hadithi hii. Hatuoni sababu ya kucheka. Mtu aliyeona ardhi inapasuka na kutapika moto, naye hana wa kumweleza, alisema alilolijua. Wa kulaumiwa ni huyu wa leo, ambaye amesomeshwa kuwa ni volkano, kisha akapiga picha tatu, akasema "Maajabu!", akarudi kitini kula sambusa. Yule wa zamani alisimama kwenye neno Shetani. Huyu amesimama kwenye neno maajabu. Maneno ni mawili, kituo ni kimoja. Tena yule wa zamani alau aliogopa.

Wala jambo hili si la kwetu peke yetu. Katika nchi za kaskazini kama Norway na Iceland, wakati wa baridi kali, mabasi hujaa watu watokao nje ya miji usiku kuingojea mianga ya kijani itambaayo mbinguni. Wazee wa huko nao walikuwa na hadithi zao za mizimu. Leo yajulikana kuwa ni chembe zitokazo katika jua, zikagonga hewa ya juu karibu na ncha za dunia. Usiku wa tarehe 10 Mei 2024 dhoruba ya jua ilikuwa kubwa hata mianga hiyo ikaonekana kusini mwa Uingereza, na ndugu zetu wakaao huko waliweza kuitazama dirishani bila ya kutoa nauli. Walakini mianga ile haimdai mtazamaji kitu. Hapana anayeinywa, wala hapana jirani aliyenyimwa ili mwengine aipate. Ama mawe ya Chyulu yana habari nyengine.

Vilima vya Chyulu havina mto. Mvua inyeshapo juu yake huzama katika majivu na mawe yenye matundu, ikapita chini kwa chini makumi ya kilomita, ikachujwa njia nzima, hata ikatokea Mzima ikiwa safi kiasi cha kuonekana samaki na viboko chini yake; pamejengwa na chumba chenye vioo ndani ya maji ili watu watazame. Na kutoka Mzima kuna bomba, lililojengwa katika miaka ya 1950, lipatalo kilomita 220, liletalo maji hayo Mombasa. Basi, ndugu msomaji, maji uliyotawadhia leo alfajiri huenda ni mvua iliyopita katika mawe ya vilima vile. Tumekwenda mbali kustaajabia kitu kilichomo katika birika zetu.

Sasa tazama hali ya jirani. Zaidi ya nusu ya ardhi ya Taita Taveta imo ndani ya mbuga za Tsavo, tangu zilipotengwa mwaka wa 1948. Ndovu wakitoka humo huingia mashambani, na mwenye shamba ndiye akeshaye. Ada ya kuingilia mbugani ni ya shirika la taifa. Na maji, yatokayo katika ardhi hiyo hiyo, huwapita kwenda pwani. Watu wa huko na viongozi wao wamelilalamikia jambo hili miaka mingi. Pembezoni mwa Voi tuliona mitungi ya njano imepangwa safu ndefu ikingoja zamu. Hapana aliyeipiga picha.

Patakuwa na atakayesema: sisi twalipia maji, na bomba lile hatukulijenga sisi, lilijengwa na serikali ya kikoloni. Neno hili lina ukweli, lakini halitoshi. Mwenye kurithi nyumba iliyojengwa juu ya njia ya jirani hakuijenga yeye. Walakini jirani azungukaye kila siku, aizunguka nyumba yake.

Kuna hoja nyengine yenye nguvu zaidi, nayo ni kuwa Mombasa yenyewe ina kiu. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 walihesabiwa 1,208,333, na wengi wao hununua maji kwa mtungi kutoka mikokotenini. Tukiwaambia hawa watoe, watoe nini? Hili twalikubali, na ndiyo maana hatusemi bomba lifungwe. Tusemalo ni kuwa mwenye kiu ndiye apasaye kumuelewa mwenye kiu. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya maji safi ya kutosha, na katika kifungu cha 69 yaitaka serikali igawe kwa usawa manufaa yatokanayo na mali ya asili. Mtu wa Taita asemapo maneno hayo, sisi wa pwani humsikia kama adui wa mfereji wetu. Umezungumzwa muda mrefu mpango wa bomba la pili, na mjini humu twausubiri kwa hamu. Ni nani kati yetu aliyeuliza kama majirani wa bomba la kwanza wamekunywa?

Ziwa Chala hatutalisema sana. Limo katika shimo la volkano, mpaka wa Kenya na Tanzania wapita katikati yake, na sehemu kubwa ya maji yake hutoka chini ya ardhi upande wa Kilimanjaro, pasi na kuuliza mpaka uko wapi.

Limebaki jambo la matumizi. Desturi ya safari hizi ni kupika pilau huku, kuchukua soda huku, hata maji kutoka huku, yaani maji ya Mzima hurudishwa Mzima kwa basi, na Voi haiuzi hata chungwa. Safari ya pili, inshallah, ni mwezi wa Agosti. Basi litasimama Voi tangu adhuhuri hata alasiri. Chakula kitanunuliwa huko huko, na wazee wa mji tumewaomba waketi nasi watueleze habari ya maji kwa ulimi wao. Atakaye picha tu, yako mabasi mengine.