Nani Mwenye Deni: Msemaji au Msikilizaji?

Katika mazungumzo juu ya utamaduni wa taifa letu, liko swali ambalo limekuwa likirudi tangu siku za mwanzo za uhuru: je, sanaa isiyoeleweka na wananchi walio wengi yaweza kuhesabiwa kuwa ni sanaa ya wananchi? Wapo wanaojibu upesi kwamba haiwezi. Husema kuwa msanii ni mtumishi wa watu, na mtumishi anayesema lugha isiyofahamika kwa wale anaowatumikia hamtumikii mtu ila nafsi yake. Hoja hii ina uzito, wala si vema kuipuuza kwa dharau ya kisomi. Katika insha hii nakusudia kuipima kwa mfano unaoonekana kuwa mbali nasi sana, yaani sahani za santuri za wanamuziki weusi wa Marekani waliounganisha saksafoni na ushairi wa kusemwa. Nitaupima mfano huo nikiwa nimesimama hapa Tukuyu, wilayani Rungwe, kwa sababu naamini kwamba mtu hupima vizuri zaidi mambo ya mbali akiwa na mizani ya kwao.

Tuanze na Archie Shepp. Huyu alizaliwa katika jimbo la Florida mwaka 1937, akakulia Philadelphia, akawa mpiga saksafoni, mshairi na mwandishi wa tamthiliya, na baadaye mwalimu wa chuo kikuu huko Massachusetts. Tarehe 21 Februari 1965 Malcolm X aliuawa kwa risasi mjini New York. Kwetu sisi Malcolm hakuwa mtu wa kusikika kwa mbali tu, maana Oktoba 1964 alifika Dar es Salaam na kuonana na Rais Nyerere. Zilipita wiki chache baada ya kifo chake, Shepp akaingia studio pamoja na mpiga besi na mpiga ngoma, akasema shairi la maombolezo alilolitunga mwenyewe, kisha akaipuliza saksafoni. Maombolezo hayo yamo katika sahani iitwayo Fire Music, iliyotolewa mwaka huo huo.

Anayeisikiliza kwa mara ya kwanza aweza kudhani kwamba chombo kimeharibika. Pumzi ya mpigaji yasikika kabla ya sauti. Sauti yenyewe yakoroma, yapasuka, yapanda ghafula na kukatika. Hakuna kiitikio cha kushika, wala mwendo wa kuchezea. Mwananchi wa kawaida akisema, "Hizi ni kelele," hakosi adabu. Anaeleza kwa ukweli kile ambacho masikio yake yamepokea. Swali ni kama yale aliyoyapokea ndiyo yote yaliyokuwamo.

Hapo ndipo Rungwe inapoweza kutusaidia. Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa elimu ya jamii, Godfrey Wilson, pamoja na mkewe Monica, walikaa miongoni mwa Wanyakyusa, na mwaka 1939 Godfrey alichapisha maelezo juu ya desturi zao za mazishi. Msibani, wanawake walilia kwa sauti kuu. Lakini wanaume walicheza ngoma, mikuki mikononi, wakikimbia na kukanyaga ardhi kwa kishindo. Mgeni aliyetokea njiani angeuliza: hii ni furaha gani mbele ya maiti? Mwenyeji angemjibu kwamba si furaha hata kidogo. Kifo kimechokoza, na moyo wa mwanamume uliochokozwa namna hiyo umo vitani. Ngoma ile ndiyo njia ya kuibeba hasira ya msiba mbele ya watu, ili isije ikambeba yeye. Mgeni amesikia shangwe mahali palipokuwa na huzuni. Ngoma haikumdanganya. Masikio yake ndiyo yaliyokuwa hayajafundishwa.

Sidai kwamba Shepp alijua lolote juu ya misiba ya Unyakyusa, wala sidai kwamba muziki wake ulitokea huku. Madai yangu ni madogo kuliko hayo, lakini yana maana kwetu: mtu aliyepata kuona wanaume wakiomboleza kwa kishindo amekwisha kupewa ufunguo mmoja wa saksafoni ile. Akiambiwa kwamba yale mapasuko ni maombolezo ya mtu aliyeuawa, anaweza kurudi kuyasikiliza akitambua jambo alilokuwa akilijua kwao.

Sasa tuugeuze mfano, tuutazame kwa upande wa pili. Novemba 1960, mjini New York, mpiga piano Randy Weston alirekodi kazi ndefu aliyoiita Uhuru Afrika. Mwaka huo nchi 17 za Afrika zilipata uhuru. Tanganyika ilikuwa bado inangoja, hadi tarehe 9 Desemba 1961. Muziki huo ulipangwa na Melba Liston kwa ajili ya kundi kubwa. Katika wapiga saksafoni walikuwamo Yusef Lateef, Cecil Payne, Sahib Shihab na Gigi Gryce; katika wapiga ngoma walikuwamo Babatunde Olatunji wa Nigeria na Candido wa Kuba. Mshairi Langston Hughes alitunga shairi la uhuru, na mwanzoni mwa sahani shairi hilo linasemwa kwa Kiswahili, ngoma zikiwa chini yake. Anayelisema ni Mtanganyika, Tuntemeke Sanga.

Jina Sanga halihitaji kuelezwa kwa mtu wa Rungwe. Ni jina la Ukinga, la jirani zetu wa nyuma ya Milima ya Livingstone tunayoiona kila asubuhi upande wa mashariki. Basi sauti ya Kiswahili ilitangulia kusikika katika jazi ya New York kabla bendera yetu haijapandishwa, na yule aliyeisema alikuwa na jina la majirani zetu.

Lakini tafakari jinsi sahani hiyo inavyosikilizwa. Wengi walioinunua Marekani hawakujua Kiswahili. Kwao sauti ya Sanga ilikuwa muziki kabla haijawa maneno. Ila saksafoni na tarumbeta zilipoingia walikuwa kwao, wakifuata kila kona. Msikilizaji wa Tukuyu hali yake ni kinyume. Anapolisikia neno "uhuru" hahitaji mkalimani. Kiswahili cha Sanga kinamfikia moja kwa moja. Vyombo vinapoingia, hapo ndipo anapoanza kupotea njia. Kila mmoja ana nusu, na nusu ya mmoja ndiyo ile aliyoikosa mwenziwe. Ni nani basi mwenye haki ya kusema kwamba sahani hii inaeleweka, au kwamba haieleweki? Hata majina ya sehemu zake yanaonyesha hali hiyo. Sehemu ya mwisho inaitwa Kucheza Blues, na mwalimu wa Kiswahili atakunja uso akikuta maneno mawili ya nchi mbili yamefungwa pamoja hivyo. Mimi naliona jina hilo kama mtu aliyefika katikati ya daraja na kusimama, akingoja wa ng'ambo naye apige hatua. Watawala wa ubaguzi wa Afrika Kusini hawakungoja: mwaka 1964 waliipiga marufuku sahani hiyo. Walikuwa wamekwisha kuelewa kiasi cha kuwatosha kuogopa.

Wengine watasema kwamba vyombo vile ni vya kigeni, hivyo haifai kumtwisha mwananchi mzigo wa kuvielewa. Tuwajibu kwa historia yetu wenyewe. Wamisionari wa Kimoravian walifika chini ya Mlima Rungwe mwaka 1891, na kanisa lao lina mapokeo ya kale ya kupiga tarumbeta katika ibada na mazishi. Mzee wa Kinyakyusa aliyezoea ngoma, alipozisikia shaba zile kwa mara ya kwanza, hakuwa na sababu ya kuziona kuwa ni zake. Leo tarumbeta za Moravian ni sehemu ya maisha ya wilaya hii, wala hakuna bibi arusi wala mfiwa anayezilalamikia kwamba ni za Ulaya. Kiswahili nacho hakikuwa lugha ya mama kwa Mnyakyusa. Alijifunza shuleni, sokoni na barazani, na sasa anakitumia kudai haki yake. Shaba haikubadilika, wala sarufi haikubadilika. Waliobadilika ni watu, kwa sababu walifanya kazi: walijifunza, wakakosea, wakarudia. Ugeni wa kitu, basi, si tabia ya kitu chenyewe. Ni kipimo cha kazi ambayo bado haijafanywa.

Najua kwamba katika taifa letu hofu ya mambo ya kigeni ilikuwa na sababu zake. Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, aliwasikitikia wasomi waliozijua ngoma za Ulaya kuliko ngoma za kwao. Lakini katika hotuba hiyo hiyo alionya kwamba kutunza yetu si kukataa kujifunza kwa wengine. Miaka saba baadaye maneno hayo yalijaribiwa. Julai 1969, katika Tamasha la Utamaduni wa Afrika lililofanyika Algiers chini ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, Archie Shepp alipanda jukwaani pamoja na wanamuziki wa Algeria na wa Kituareg. Washairi Ted Joans na Don Lee walisema maneno yao, wakitangaza kwamba muziki huu umerudi nyumbani. Kisha saksafoni na vyombo vya jangwani vikatafutana, mara vikikutana, mara vikipishana. Sauti hizo nazo zilirekodiwa. Novemba mwaka huo huo, hapa kwetu, wakuu wa serikali walipiga marufuku muziki wa soul katika mji wa Dar es Salaam.

Sitaki kuwabeza waliotoa amri ile. Walichokiogopa ni kuiga, na kuiga ni kumeza bila kutafuna. Kijana anayevaa, kunena na kutembea kama mtu wa sahani ya santuri hajajifunza kitu, amejifuta tu. Lakini marufuku haina macho ya kumtofautisha anayeiga na anayejifunza. Huwafungia wote wawili mlango mmoja.

Hata hivyo nisije nikaonekana ninawapa wasanii ruhusa ya kubabaisha. Ikiwa kila jambo lisiloeleweka litasemwa kuwa ni kosa la msikilizaji, mlaghai naye atapata pa kujificha. Wahenga wa Kiswahili walitupa kipimo waliposema: fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huligangua. Fumbo ni gumu, lakini lina mfumbuo. Aliyelifumba anaujua, na anayelitafakari hupata kitu kila anapolirudia. Ubabaishaji hauna mfumbuo; ukiurudia mara tatu, mara zote tatu utakuta utupu ule ule. Tena fumbo la kweli huwa na mlango. Katika maombolezo ya Malcolm, shairi ndilo mlango: maneno yanatuambia ni nani anayeliliwa, kisha saksafoni inatuonyesha ukubwa wa kilio ambao maneno hayakuweza kuubeba. Msanii anayeweka mlango amelipa sehemu yake ya deni. Anayejenga ukuta mtupu na kujisifu kwa urefu wake hajalipa kitu, nasi tunayo haki ya kumwacha.

Deni la kwanza, kwa hiyo, ni la msemaji, nalo ni kuwa na jambo la kusema na kuacha mlango. Akishalilipa, deni hugeuka kuwa la msikilizaji, ambalo ni kuvumilia, kurudia na kuuliza. Lakini hapa kuna ugumu ambao sitaki kuuficha. Mama aliyeshinda akichuma chai au kubeba ndizi kwenda soko la Tukuyu hurudi nyumbani jioni akiwa amechoka. Kumwambia kwamba ana deni la kusikiliza saksafoni mara tatu ni kumtukana. Subira ya kusikiliza huhitaji wasaa, na wasaa haukugawanywa sawasawa duniani. Ndiyo maana sehemu kubwa ya deni hili haiwezi kulipwa na mtu mmoja mmoja. Ni la jamii nzima: shule, vituo vya redio na nyumba za utamaduni, vyombo ambavyo kazi yake ni kumpunguzia mwananchi safari ya kuufikia mlango.

Na kazi hiyo yafaa ianzie nyumbani. Miongoni mwa hazina zetu ni kanda zilizorekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, ambazo leo ziko mikononi mwa Shirika la Utangazaji Tanzania. Ndani yake zimo sauti za makabila yetu mengi. Mnyakyusa anayeusikia zeze wa Kigogo kwa mara ya kwanza hupotea njia kama anavyopotea katika saksafoni ya Shepp. Mgogo akisikia ngoma za Rungwe hali yake ni hiyo hiyo. Twapenda kusema kwamba hizo zote ni zetu. Ni zetu kwa haki, lakini kwa masikio bado hazijawa zetu, na hazitakuwa mpaka tuzifanyie ile kazi ambayo wazee wetu walizifanyia tarumbeta.

Mwaka 1960 jirani yetu wa Ukinga alisimama ugenini akasema Kiswahili katikati ya watu ambao wengi wao hawakukijua, nao wakampisha na kumpigia ngoma mpaka akamaliza. Hawakumwambia kwamba haeleweki. Heshima hiyo tuliyopewa sisi, katika sauti yake, ndiyo tunayodaiwa na wengine, na hasa na ndugu zetu wa wilaya nyingine ambao ngoma zao tumezoea kuzifungia redio kabla hazijamaliza kusema.