Mapaja ya Yule Baba

Muulize Mtanzania wa rika langu shairi gani analikumbuka tangu shule ya msingi. Usishangae akikutajia "Karudi Baba Mmoja". Hata ambaye hajashika kitabu tangu amalize shule atakuanzishia, tena kwa sauti ya kughani.

Kisa chenyewe si kigeni duniani. Baba anarudi safari akiwa hoi, wanawe wanamzunguka wapate kauli yake, naye anawaambia mali iko shambani. Wanachimba, hazina hawaioni, wanaishia kupanda na kuvuna. Hekaya hiyo ni ya Aesop, na Mfaransa La Fontaine aliitia katika ushairi wake mwaka 1668. Kwa hiyo funzo la kwamba kazi ndiyo mali lilikuwepo zamani sana kabla halijafika darasani kwetu. Lakini jamani, mtoto gani wa miaka tisa anafurahia kuambiwa akalime?

Sisi tulipenda mapaja. Baba yule amevimba mapaja, na tukifika hapo darasa zima linacheka. Ukubwani ndipo nilipoona kwa nini hakuvimba tumbo wala uso: kina cha kati ni "ja", mtunzi ameshasema "mmoja", basi ugonjwa ukamshika palepale penye kina! Mizani 8, pumzi, mizani 8 nyingine. Midomo yetu iliijua hesabu hiyo kabla hatujafundishwa neno "mizani".

Je, raha ile ilikuwa chambo tu cha kutuvutia kwenye funzo? Wengi tuliozoea kuulizwa "mshairi anatufundisha nini?" tunaamini hivyo. Mimi sikubali. Funzo unaweza kulisema kwa sentensi moja likaisha, ila shairi haliishi hivyo. Tena ukilishika funzo peke yake, unakuta lina mwiba ndani: baba yule aliwadanganya wanawe. Au tuseme aliwaambia kweli, akijua fika wataielewa vibaya. Mtu anayekata roho, mbele ya watoto wanaomwamini. Ilikuwa haki? Alikuwa na njia nyingine ya kuwafanya washike jembe?

Sijapata jibu la kuniridhisha. Swali lenyewe lilinijia miaka mingi baada ya shule, nikiwa kwenye daladala, foleni haisogei, nalighani shairi kimoyomoyo. Maneno yalikuwa bado yapo mdomoni. Yangedumu humo kwa sababu ya funzo? Thubutu! Na hata kama nisingejiuliza chochote siku ile, zile mizani 16 za kila mshororo zilikuwa zimeshanilipa.

Siku hizi nikimsomea mpwa wangu shairi, simuulizi limemfundisha nini. Nasubiri aseme ni neno gani limemchekesha. Mara nyingi analitaja neno ambalo mimi nililipita bila hata kulisikia.