Fedha Kidogo ya Vijana ni ya Nani?

Katika siku zetu limetokea jambo ambalo wazee wetu hawakulijua. Wafadhili huwapa vijana fedha kidogo, tuseme dola mia chache, ili wafanye wenyewe kazi ya kuwasaidia jirani zao: kuchimba mfereji, kutengeneza choo, kuchota maji. Hawakopeshwi, wanapewa. Hapo lazuka swali la dhamiri: fedha hiyo ni ya nani? Na kijana aliyetoka jasho akijitwalia kidogo, je, ameiba?

Tueleze tuliyoyaona hapa Mubambiro. Mwaka 2023 watu waliokimbia vita katika Masisi walijenga vibanda vyao kandokando ya barabara ya Goma na Sake. Maji yalikuwa taabu, na kipindupindu si mgeni katika nchi yetu. Vijana wa shirika moja walianza kuwachotea maji wazee na wajane, kila mmoja na bidoni yake, pasipo malipo. Kisha mfadhili akawapa fedha ya kununua bidoni, sabuni na chukudu ya kubebea. Tulifurahi sana. Lakini juma la pili ugomvi ukaanza. Wengine walisema: "Tugawane kidogo, maana hata aliyetuletea fedha hii hupokea mshahara."

Sisi tuliwakemea upesi, tukayaita maneno yao tamaa. Kijana mmoja akatujibu kwa upole: "Mwalimu, wewe umekula asubuhi. Kwetu mama hajapika tangu juzi." Tukanyamaza. Tulikuwa tumehukumu kabla ya kufikiri. Basi tufikiri sasa.

Kwanza, fedha iliyotolewa kwa ajili ya maji ya mjane si ya mfadhili tena, wala si ya kijana. Ni ya mjane. Kijana ni wakili wake tu. Wakili akiitumia kwa siri kwa mambo mengine, hata ikiwa franka chache, ameitoa mkononi mwa maskini. Udogo wa fedha hauondoi deni.

Pili, si haki kumtaka mwenye njaa abebe bidoni ya lita 20 kutwa nzima na tumbo tupu. Bwana wetu alifundisha kwamba mtenda kazi astahili ujira wake. Basi chungu cha maharagwe kilichokubaliwa na wote, mfadhili naye akiwa na habari, kikaandikwa katika daftari, si wizi. Wizi hupenda giza. Hesabu inayoweza kusomwa kwa sauti baada ya Misa, wajane wenyewe wakisikia, haina cha kuficha.

Labda mtu atasema: "Heri fedha isije kabisa, maana yaua moyo wa kujitolea." Neno hilo lina kweli ndani yake. Tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulilipuka, na siku chache baadaye maelfu kwa maelfu walitoka Goma wakipita hapa kwenda Sake. Watu waliwapokea wageni majumbani mwao kabla ya mfadhili yeyote kuandika barua. Moyo ulikuwapo kwanza. Lakini moyo mwema peke yake haununui sabuni. Kwa hiyo twasema: fedha na iufuate moyo, isiutangulie. Kikundi kilichozaliwa siku ya kupokea fedha kitazikwa siku ya kuimaliza.

Tatu, mtoaji naye ana wajibu wake. Papa Pio XI alifundisha mwaka 1931, katika barua yake Quadragesimo Anno, kwamba kazi iwezwayo na wadogo si haki kunyang'anywa na wakubwa. Mfadhili anayechagua kazi mwenyewe, anayedai karatasi nyingi kuliko majembe, anayepiga picha za maskini katika aibu yao, hajasaidia vijana, amejinunulia watumishi.

Tunaye shahidi wa kwetu. Mwenye Heri Floribert Bwana Chui, mzaliwa wa Goma, alifanya kazi ya kukagua bidhaa mpakani. Mwaka 2007 alikataa rushwa, asiruhusu vyakula vilivyoharibika kuuzwa kwa watu, akauawa akiwa na miaka 26. Aliwekwa katika idadi ya wenye heri huko Roma tarehe 15 Juni 2025. Papa Fransisko alimtaja mbele ya vijana na makatekista katika Kinshasa, Februari 2023. Siku hiyo aliwafundisha kwa vidole vya mkono, na kidole kidogo kabisa alikiita utumishi. Asidhani mtu, basi, kwamba fedha kidogo yadai uaminifu kidogo.

Vijana wetu walifanyaje? Waliihesabu fedha hadharani, wakamwomba mfadhili ruhusa ya kupika maharagwe siku za kazi, akakubali. Waliotaka kugawana noti waliondoka, nao hatukuwafukuza kwa matusi. Waliobaki walikuwa wachache. Fedha ilipokwisha, maharagwe yalikwisha pia. Lakini Jumamosi iliyofuata tuliwaona saba njiani, na bidoni zao. Yule aliyetujibu alikuwa mmoja wao.

Ndugu, ukimwona kijana ameshika fedha ya wengine, usianze kwa kumshuku. Muulize kwanza kama amekula. Kisha mwombe akuonyeshe daftari.