“Umeelewa, Mama?”

Tuseme mama mmoja wa Mwamkulu, kule Mpanda katika mkoa wa Katavi, amefika hospitali akiumwa mgongo. Tangu utotoni amepanda mpunga, ameinama majini siku kutwa. Kijana mwanafunzi wa fiziotherapia amweleza kwa upole mazoezi ya kufanya nyumbani, kisha auliza, “Umeelewa, mama?” Mama ajibu, “Ndiyo, daktari.” Hapo waagana. Je, kijana huyu amefundisha?

Wengi watasema amefundisha, na mama asipotenda, lawama ni yake. Sisi twaona neno hilo limetamkwa upesi mno. Watu wetu wamelelewa kutomwaibisha mwenye elimu mbele ya watu. “Ndiyo” ya mama yule ilikuwa adabu tu, na aulizaye swali lenye jibu moja la adabu hajauliza kitu. Afadhali angesema, “Mama, hebu nionyeshe utakavyofanya nyumbani, nipate kujua kama nimeeleza vema.” Kwa maneno hayo mtihani wamwangukia mwalimu, wala mgonjwa haaibiki.

Tena kumwambia mkulima wa mpunga “usiiname” ni kumwambia asile. Yampasa kijana aulize kwanza: shamba ni la nani, nani husaidia kupanda, maji ya nyumbani huchotwa wapi? Mama huyo aweza kufundishwa kupumzika kila baada ya mstari, ajinyoshe, na kubeba mzigo ukiwa karibu na kifua. Hayo yatendeka.

Uzito wa jambo hili waonekana wazi kwa watoto wazaliwao na mguu kifundo. Njia ya daktari Ignacio Ponseti, aliyezaliwa Hispania akafanya kazi yake Marekani, hutumiwa leo hata CCBRT, Dar es Salaam. Mguu hunyoshwa kidogo kidogo kwa plasta zinazobadilishwa kila juma. Kisha mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa kwa chuma, kama saa 23 kila siku kwa miezi 3, na baadaye usiku tu hata afikie umri wa miaka 4 hivi. Sababu kubwa ya mguu kupinda tena ni viatu hivyo kutovaliwa. Basi mtaalamu afanya kazi ya majuma, mzazi afanya ya miaka. Naye aonapo mguu umenyoka, nani atamlaumu akidhani kazi imekwisha, ikiwa hakuna aliyemfahamisha?

Hatusemi mgonjwa hana wajibu. Aliyefahamu vema akakataa, amekataa kwa hiari yake. Twajua pia kwamba foleni ni ndefu na wataalamu ni wachache. Lakini dakika tano za kuonyeshana ni nafuu kuliko safari ya pili kutoka Mwamkulu kwa maumivu yale yale.

Twatamani kila mtahini wa wanafunzi hawa, baada ya kuuliza habari za mifupa na misuli, amwite mgonjwa kando na kumwuliza kwa lugha yake: “Umeambiwa ufanye nini?”