Asiye na Hatia na Swali la Kukimbia

Katika tamthilia za upelelezi, yaani zile zinazomfuata askari kanzu au mpelelezi anapomtafuta mhalifu, ni vigumu kupata kisa kinachowagawa watazamaji kama kile cha mtu aliyesingiziwa kuua ambaye, badala ya kungoja hukumu itekelezwe, anatoroka na kuanza kumsaka muuaji wa kweli. Kisa cha namna hiyo kilijipatia umaarufu Marekani katika The Fugitive, tamthilia iliyoonyeshwa kuanzia 1963 hadi 1967, inayomhusu daktari aliyehukumiwa kifo kwa kosa la kumuua mkewe. Tanzania Bara, ambako televisheni haikuanza kurusha matangazo hadi 1994, visa kama hivyo vilienea baadaye kwa njia ya vibanda umiza na sizoni za diski kama Prison Break, na siku hizi kwa tamthilia za Kituruki na Kikorea zilizotiwa sauti za Kiswahili. Wapo watazamaji wanaomshangilia mtoro kila anapoponyoka. Wapo wanaosema kwamba asiye na kosa hana cha kuogopa na kuwa aliyekimbia amejihukumu mwenyewe. Na wapo, pengine wachache zaidi, wanaomhurumia mpelelezi kwa sababu hana njia ya kuyajua wanayoyajua wao. Ubishi huo wa sebuleni umebeba swali zito la dini na falsafa, nalo ni kama dhamiri humruhusu mtu asiye na hatia kuikimbia haki inayokosea.

Kabla ya kulijibu swali hilo inafaa kutazama mahali mtazamaji anapoketi. Kamera imekwisha kumwonyesha aliyeshika kisu, hivyo anajua jambo ambalo hakimu, polisi na jirani hawalijui, na kwa muda wa kipindi kimoja anashiriki elimu ambayo Waislamu na Wakristo humwachia Mwenyezi Mungu peke yake, Mjuzi wa siri na dhahiri. Huruma anayoipata hapo ni ya kweli, lakini haijamgharimu kitu, kwa kuwa haijapita katika shaka. Mtuhumiwa anayepandishwa kizimbani Dodoma mjini hana kipindi cha kwanza ambacho watu wa Majengo au Chang'ombe walikwisha kukitazama. Ndiyo sababu Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika Ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mkosaji mpaka kosa lithibitike, kanuni ambayo wanasheria huiita dhana ya kutokuwa na hatia. Kanuni hiyo ingekuwa bure kwa watu wanaojua. Inawafunga wale wasiojua, na hao ndio karibu sote.

Kwa upande wa sheria, mtoro asiye na kosa anajitia mwenyewe katika kosa jipya, kwa kuwa kifungu cha 116 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya kutoroka chini ya ulinzi halali kuwa jinai bila kujali kama tuhuma ya awali ilikuwa ya kweli, na mahakama zinaweza kuhesabu kutoweka kwa mtu mara baada ya tukio kuwa dalili inayounga mkono ushahidi mwingine. Hata hivyo kukimbia hakuna maana moja tu. Torati iliweka miji sita ya makimbilio, mitatu kila upande wa Yordani, ili aliyeua bila kukusudia aponee huko asiuawe na mlipiza kisasi hadi asimame mbele ya mkutano ahukumiwe. Mkimbizi wa namna hiyo anaikimbia hasira na kuielekea hukumu. Mtu anayeitiwa mwizi sokoni, akazingirwa na wale ambao magazeti huwaita wananchi wenye hasira kali, naye akatimua mbio hadi kituo cha polisi, anafanya lile lile ambalo Torati ililiwekea miji, na kumlaumu kwa kuwa alikimbia ni ukatili mtupu. Ugumu unaanza pale ambapo hatari inatoka kwa mahakama yenyewe, au kwa mahabusu, yaani kizuizi cha kabla ya hukumu, ambako mtu anayekabiliwa na shtaka lisilo na dhamana kama mauaji anaweza kurudishwa tena na tena kwa maelezo kwamba upelelezi haujakamilika.

Katika nyanda hizi za kati, ambako Waanglikana waliunda Dayosisi ya Tanganyika ya Kati mwaka 1927 na ambako misikiti na makanisa hupakana mtaa kwa mtaa, kisa cha aliyesingiziwa kinachojulikana pande zote mbili ni cha Nabii Yusufu. Katika Kurani kipo hata ushahidi wa kipelelezi, kwa kuwa kanzu yake ilikutwa imechanwa kwa nyuma, jambo lililoonyesha kwamba alikuwa akimkimbia mwanamke aliyemsingizia na si kumwendea. Pamoja na hayo alitiwa gerezani. Miaka ikapita, mfalme akaagiza aletwe, na hapo, katika aya ya 50 ya sura inayoitwa kwa jina lake, Yusufu akamrudisha mjumbe ili kwanza iulizwe habari ya wale wanawake waliojikata mikono. Mlango ulikuwa wazi, tena kwa amri halali, naye akakataa kutoka huku jina lake likiwa bado chafu. Katika kitabu cha Mwanzo hakuna uchunguzi wa namna hiyo: Yusufu ananyoa, anabadili mavazi na kwenda kwa Farao. Wala Uislamu haukufanya subira hiyo kuwa faradhi, kwa maana katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim Mtume Muhammad anasema kwamba kama yeye angekaa gerezani muda aliokaa Yusufu, angemwitikia aliyekuja kumwita. Hapa pana upole mkubwa kwa binadamu aliyechoka kufungwa, upole ambao watazamaji wanaodai kwamba asiye na kosa hapaswi kutikisika wangefaidika nao.

Takwa la Yusufu linagusa jambo ambalo Dodoma imelishuhudia. Tarehe 9 Desemba 2017, katika Uwanja wa Jamhuri, Rais John Magufuli aliwasamehe wanamuziki Nguza Viking na mwanawe Johnson Nguza, waliokuwa wakitumikia kifungo cha maisha tangu 2004 kwa makosa ya kubaka watoto. Machi 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilisema kwamba haki yao ya kusikilizwa ilivunjwa katika mambo kadhaa, lakini haikutamka kuwa hawana hatia. Insha hii haina uwezo wa kuamua yaliyotokea. Inachoweza kusema ni kwamba msamaha wa Rais, unaotolewa chini ya Ibara ya 45 ya Katiba, huondoa adhabu bila kujibu swali, na swali lisilojibiwa huwaumiza waliohukumiwa kama ni wasafi, na huwaumiza watoto na wazazi waliolalamika kama walisema kweli. Kutoroka nako kuna upungufu huo huo, kwa kuwa huokoa mwili na kuliacha jina pale pale lilipo.

Lakini jina lina thamani gani kwa aliyekwisha kunyongwa? Hapo ndipo hoja ya mtoro inapopata nguvu zake zote, na Dodoma ina sehemu katika historia ya hoja hiyo pia. Mwaka 1994 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, akiketi Dodoma, alitamka kwamba adhabu ya kifo inakwenda kinyume na Katiba; mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa adhabu hiyo ni ya kikatili na ya kudhalilisha, ila ikaona kwamba Ibara ya 30(2) inairuhusu kwa masilahi ya umma. Kinyume na mtoro, Sokrate, mwanafalsafa wa Athene, alikataa kutoroka mwaka 399 kabla ya Kristo kwa hoja kwamba raia aliyefaidi sheria za mji wake hawezi kuzivunja siku zinapomgeukia. Hoja hiyo ni nzuri kwa mzee wa miaka sabini aliyezungukwa na marafiki. Kwa kijana aliyehukumiwa kimakosa kunyongwa, hakuna mwalimu wa dini au wa falsafa mwenye haki ya kuifanya amri. Akikimbia, anastahili kuhesabiwa kuwa ameokoa uhai aliopewa na Mungu, na lawama ya kwanza iwaendee waliomhukumu bila kusikiliza vya kutosha.

Kuna mtu mmoja, hata hivyo, ambaye tamthilia humsahau karibu kila mara, naye ni mdhamini, yaani yule anayesaini bondi mahakamani akiahidi kwamba mshtakiwa atarudi, na ambaye huweza kulipishwa fedha za bondi hiyo mshtakiwa asiporudi. Mara nyingi ni mjomba, shemeji au mwajiri. Mtoro aliyekuwa nje kwa dhamana anamtwisha mzigo mtu asiye na hatia kama yeye, na hapo haki yake ya kukimbia inaingia mashakani kwa sababu nzito kuliko heshima kwa sheria. Kisa cha Yusufu kinamkumbuka mdhamini. Kikombe cha fedha kinapokutwa katika gunia la Benyamini, mdogo wa Yusufu, naye akawa ametuhumiwa wizi asioufanya, ndugu zake wanarudi mjini pamoja naye, na Yuda, aliyejitoa kuwa mdhamini wake mbele ya baba yao, anaomba abaki mtumwa mahali pa kijana. Msomaji anajua ni nani aliyeamuru kikombe kitiwe humo. Yuda hajui, hana ushahidi wowote wa kumtetea nduguye, na bado anajitoa.