Mchoro Usio na Kibla

"Umenijengea hospitali, mwanangu."

Mamangu alisema hivyo akiwa amesimama mlangoni pa choo chake kipya, kanga kaifunga kifuani, kata mkononi. Hakuwa na hasira. Afadhali angekasirika.

Nyumba yetu iko Mji wa Kale, Mombasa, nami nafanya kazi Nairobi. Choo cha zamani kilikuwa na sakafu ya simiti nyekundu iliyolika katikati, shimo la kuchutama, na pipa la maji pembeni. Mwaka juzi jirani yetu, mtu wa rika la mama, aliteleza kwenye choo kama hicho akavunjika nyonga. Hakusimama tena mpaka tulipomzika. Tangu siku ile nililala kwa mang'amung'amu. Kila simu iliyolia usiku, kwangu mimi ilikuwa ni mama kaanguka.

Basi nikafanya wanavyofanya watoto walio mbali: nikatuma pesa. Nilichagua kila kitu kwenye simu, usiku, nikiwa kitandani. Vigae vya kijivu visivyoteleza. Choo cha kukaa. Vyuma viwili vya kushikilia, kimoja kando ya choo na kimoja mahali pa kuogea. Showa pana ya kumwaga maji kama mvua. Mfereji unaong'aa kama fedha, wa kuinua kwa kidole kimoja. Nikamwambia fundi aliondoe pipa maana lingeharibu sura. Shilingi 180,000, nyingi yake mkopo wa chama. Mama nikamwambia asiwe na wasiwasi, ni zawadi yake.

Jambo moja sikulifanya. Sikumuuliza.

Miezi miwili baadaye mdogo wangu akanipigia. "Dada, unajua mama haogi kwako?"

Alisema kwako, kana kwamba choo ni changu. Kumbe mama alikuwa akienda kuoga kwa mama mdogo, nyumba ya tatu, akipita kichochoroni na ndoo yake, mkono mmoja umeshika ukuta. Yule niliyemjengea ili asianguke, sasa kila asubuhi alikuwa akikanyaga mawe yenye utelezi kwa sababu yangu.

Nikateremka Mombasa. Mama akanionyesha kimoja kimoja, bila lawama, kama anayemtembeza mgeni. Vigae havitelezi, kweli, lakini vinakamata povu na chumvi, na kuvisugua kwataka magoti ambayo hana. Maji ya mfereji huja siku mbili kwa wiki. Siku nyingine ni ya kisima, tena ya chumvi, na nguvu ya kupanda kwenye showa hayana. Pipa ndilo hilo nimelitupa. Ile chumvi ilikuwa imeshaanza kuula mfereji, mng'ao unabambuka kama ngozi. Vile vyuma, shoga zake walipovitia machoni walimuuliza anaumwa nini.

Choo cha kukaa mwenyewe alikuwa akikitaka, magoti yalishachoka. Ila fundi alikiweka kama mchoro ulivyosema, na mchoro ulikielekeza kaskazini. Ukiwa Mombasa, Makka iko kaskazini. Mamangu, kama wengi wa kizazi chake, hakai chooni akielekea kibla wala kuipa mgongo. Mimi nimelelewa na mwanamke huyo, na jambo hilo nalijua tangu utoto. Lakini kwenye mchoro wa simu hakuna kibla. Nikamuuliza fundi mbona hakusema. Akanijibu, "Nilidhani mmeshaelewana."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nilikichagua kitanda, godoro na shuka, kisha nikashangaa mwenye kulala halali.

Mwaka 1793 mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant aliandika kwamba serikali inayowatendea raia wake wema kama baba anavyowatendea watoto wadogo, wasioweza kujua lipi lawafaa na lipi lawadhuru, ndiyo ya kidikteta kuliko zote. Alikuwa akizungumzia watawala, si vyoo. Hata hivyo naliona analolisema. Mtu akikuonea, una haki ya kumkasirikia. Akikutendea wema utamkataa vipi? Kila neno ambalo mama angesema lingemfanya aonekane hana shukrani. Ndiyo maana alinyamaza akachukua ndoo.

Ni rahisi kuishia hapo na kusema, basi, mwache mzee na simiti yake. Siwezi. Nyonga ya jirani ilivunjika kweli, na heshima haiungi mfupa. Kumwacha mtu ateleze ati kwa kuwa ana uhuru wake, huo nao ni uvivu tu, umevishwa nguo nzuri. Kuogopa hakukuwa kosa langu. Kosa lilikuwa kuichukua hofu yangu na kuiita mahitaji yake.

Wiki ile tulikwenda pamoja duka la vigae. Kwenye maboksi kumeandikwa R9, R10, R11, na muuzaji akatuhakikishia kwamba namba ikipanda, utelezi unapungua. Ni kweli. Lakini namba hizo zatokana na kipimo cha Kijerumani ambapo mtu aliyevaa mabuti hutembea juu ya vigae vilivyopakwa mafuta, huku ubao ukiinamishwa mpaka ateleze. Cha miguu mitupu na maji ya sabuni ni kipimo kingine, nacho hutumia herufi A, B na C. Nilikuwa nimemnunulia mamangu vigae kwa kuamini mabuti ya mtu mwingine.

Mama hakungoja maelezo yangu. Alivua kandambili, akamimina maji ya chupa yake ya kunywa juu ya kigae, akakanyaga na kusugua unyayo. "Hiki chateleza." Cha pili: "Hiki chanikwaruza." Muuzaji akaleta kitambaa akaacha kulalamika. Kwenye cha tano mama alisimama kitambo. Kilikuwa cha buluu, na mkwaruzo mdogo ambao jicho halioni. "Hiki kimenishika," akasema.

Choo tukakigeuza kuelekea mashariki. Mfereji sasa ni wa plastiki, hauna cha kuliwa na chumvi. Pipa limerudi, tena juu ya jukwaa la zege ili mama asiiname. Hilo lilikuwa wazo lake, mimi nisingeliwaza. Chuma cha kando ya choo amekikubali, na hukianikia kanga. Cha mahali pa kuogea amekikataa. Nilibishana naye siku mbili. "Siku nikikitaka nitakwambia," akasema. Matundu yake manne tumeyaziba kwa simiti.

Sijashinda, na sina hakika kwamba yeye ndiye mwenye haki. Simu ya usiku bado hunishtua. Lakini hofu hiyo ni yangu, na nimeona si halali kuitundika kwenye ukuta wake.

Juzi nilipiga simu yake, mdogo wangu akapokea. "Ngoja kidogo, mama anaoga." Nikangoja. Kwa mbali nilisikia maji, kata moja, kisha nyingine, na kila ilipomwagika nilijua kwamba bado amesimama.